Kinanda Chenye Mafua

Ukitoka geti la mpaka pale Tunduma, ukayapita malori yaliyokaa foleni mpaka madereva wake wameanza kuanika nguo kwenye vioo vya pembeni, utakuta benchi refu la mbao mbele ya kibanda cha fundi redio, karibu na njia panda ya Sumbawanga. Kijiwe hicho kinaitwa Nyutro. Jina lilitolewa na madereva, kwa maelezo kwamba wanaokaa pale injini inaunguruma kutwa nzima na gari haliendi popote. Mwaka ule wa 2003 wakazi wake wa kudumu walikuwa wanne. Raudha, muuza kahawa, ndiye Mwenyekiti, kwa kuwa birika ni lake na akiligonga kwa kijiko kila mtu ananyamaza. Othmani, mtu wa Kondoa aliyekuja kushughulikia mizigo ya wenye malori akasahau kurudi kwao, ndiye Transiti. Yonasi, mkulima wa Mbozi aliyewahi kupima kahawa za wenzake kwenye chama cha ushirika, ndiye Kilo. Na mwenye kibanda, Lwitiko, anaitwa Risasi, kwa ile risasi anayochomelea nyaya za redio, si kwa ukali. Ukali hana hata chembe, na Alhamisi hiyo hata raha hakuwa nayo.

Sababu ya kukosa raha ilikuwa juu ya meza yake: kompyuta kuukuu, pana kama sanduku la bibi harusi, iliyovuka kutoka ofisi moja ya mgodi huko Zambia baada ya wenyewe kuichoka. Lwitiko alikuwa ameifungua ubavu. Alibonyeza kitufe, spika zikakoroma, kisha ukatoka wimbo wa kwaya. Sauti zote nne zilikuwemo, lakini besi ilikwaruza na soprano ilipitia puani.

— Zima, zima! — alipiga kelele Othmani. — Risasi, mshikaji wangu, hiyo ni kwaya au mbuzi kafungiwa kwenye debe?

— Ni wimbo wa marehemu baba yake Enesi.

— Basi marehemu anisamehe. Lakini huyo mbuzi atolewe.

— Ndio huo unataka kuupeleka Igamba Jumamosi? — aliuliza Raudha, birika likiwa limesimama hewani. — Kwenye harusi yako mwenyewe?

Lwitiko alikuna kichwa. Mambo yalikuwa hivi. Baba wa mchumba wake, Enesi, alikuwa mwalimu wa kwaya huko Igamba, na kabla hajafa alimtungia binti yake wimbo wa kumtoa nyumbani siku atakayoolewa. Aliuandika kwa zile do-re-mi ambazo mwanakwaya yeyote wa Mbozi anazisoma bila kutafuna maneno. Shida ni kwamba kinanda cha kanisa, ambacho mzee alikuwa akikipiga mwenyewe, panya walishakimaliza, na mpiga kinanda mpya alikuwa Zambia hadi baada ya mavuno. Mama yake Enesi, mama Marita, alitamka bila kupepesa macho: mwanangu havuki kizingiti bila wimbo wa baba yake, kama hakuna wa kuupiga basi harusi ingoje. Lwitiko, kwa mapenzi na kwa haraka ya kijana anayetaka kuoa, akatuma salamu kwamba anao mtambo utakaoupiga. Wiki nzima aliingiza noti moja moja ndani ya kompyuta ile. Na sasa mama Marita alikuwa ndani ya basi, anakuja kusikiliza kwa masikio yake.

— Ukimweleza taratibu ataelewa, — alisema Othmani. — Mwambie mtambo ni wa zamani, kidogo una kifua.

— Amweleze nani? — Yonasi alidakia. — Transiti, wewe umekaa huku miaka yote hiyo hujajua adabu za watu? Kwa akina Enesi mchumba hasemi na mama mkwe. Akimwona anageuka pembeni. Mpaka mama mwenyewe amfungue mdomo, ampe kitu cha kunywa kwa mkono wake. Na hilo huwa siku ya harusi, kama harusi ipo.

— Na mama akiuliza swali leo?

— Tunajibu sisi.

Lwitiko aliwatazama mawakili wake mmoja mmoja. Mmoja alikuwa anachokonoa meno, mmoja amevaa kandambili zisizofanana, na wa tatu anapuliza mkaa. Moyo ulimshuka mpaka kwenye soksi.

— Basi sikilizeni vizuri, — alisema. — Lazima atauliza, hiyo sauti inatoka wapi? Mtasema nini?

— Hilo swali jepesi, — alisema Othmani. — Humo ndani kuna kaseti. Ndogo.

— Hakuna kaseti.

— Ndogo sana, Risasi, huwezi kuiona.

Lwitiko alizima mtambo, akafungua skrubu, akaichomoa kadi ya sauti na kuileta benchini. Ilikuwa kadi ya kijani yenye vumbi la Zambia, na katikati yake imelala aisii, kile kidonge cheusi cha umeme chenye miguu ya bati.

— Mwenye sauti ni huyu mweusi hapa, — alisema. — Na humu hakuna mtu aliyerekodiwa, hata kengele hakuna. Mimi nimempa noti tu, kama mwalimu anavyoandika do-re-mi ubaoni. Sauti anaitengeneza yeye mwenyewe.

— Acha kamba! — alisema Othmani.

— Hebu lete, — Yonasi aliisogeza kadi karibu na pua, akafumba jicho moja kama enzi zile za mizani. — Sasa hapa mbona mnabishana bure? Pameandikwa FM. Hii redio. Inakamata Lusaka.

— Lusaka wanaimba kwaya ya Igamba? — aliuliza Raudha.

— Wameipatia wapi sijui, waulizwe wao.

— Kilo, hiyo FM si ya kukamata stesheni, — Lwitiko alijitahidi. — Haina hata antena.

— Antena ya nini? — Yonasi alikuwa ameshapata upepo. — Fikiri, mzee. Umeme wetu huu tunaletewa kutoka wapi?

— Zambia.

— Kompyuta imetoka wapi?

— Zambia.

— Basi hao wanajuana! Muziki unakuja humo humo ndani ya umeme. Siku zote tulikuwa tunauwashia balbu, tunaupoteza bure.

— Kwa hiyo hata pasi ya mke wangu ina kwaya ndani? — Othmani alimkazia macho.

— Umewahi kuisikiliza?

Ilionekana kabisa kwamba leo Othmani akirudi nyumbani pasi itasikilizwa.

— Hapana, — alisema baada ya kunywa funda. — Mimi ni mtu wa mpakani. Kila kitu kinachovuka hapa kina wenyewe. Ofisi ile ya mgodi lazima ilikuwa na bendi. Mgodi ukayumba, bendi ikakosa kazi. Sasa mwanamuziki asiye na kazi anakula kidogo, anakonda, anakonda, mpaka anaenea popote. Hao wamejiingiza humo na matarumbeta yao, wamevuka geti bila pasipoti. Na wakikamatwa, atakayeitwa kujieleza ni mimi hapa!

— Wanakula nini humo? — Yonasi aliuliza kwa dhati kabisa.

— Ndiyo maana sauti zao zimekuwa za puani. Njaa hiyo.

Raudha aligonga birika. Wote wakanyamaza.

— Nyie mnahangaika, na jambo lenyewe linaonekana, — alisema. — Hilo ni jini. Tena jini lililosoma. Majini ya kwetu Ujiji yanataka ubani na ngoma, hili linataka umeme na flopi. Mama wa watu akiuliza, mimi namwambia ukweli.

— Mwenyekiti, ukimwambia mama Marita kuna jini, mimi sina mke! — Lwitiko alilia. Na hakuwa anatania. Alimwona akilini Enesi amekaa Igamba msimu mzima, kahawa inachumwa, inaanikwa, inauzwa, naye bado yuko kwao. — Nawaomba. Nawaonyesha mara moja tu. Transiti, unajua kupiga mluzi?

— Mimi? Nilikuwa naita ng'ombe nao.

— Piga, mmoja tu, usiukate.

Othmani alikunja midomo, akatoa mluzi mrefu ulionyooka.

— Kilo, mshike mabega umtikise. Polepole.

Yonasi alimshika, akamtikisa. Mluzi ukaanza kuyumba, juu, chini, juu, chini, kama mwimbaji anayeringa.

— Mmesikia? Mwenye mluzi ni mmoja, mwingine haimbi kabisa, kazi yake kumtikisa mwenzake. Humu ndani ndivyo wanavyofanya. Sasa Kilo, ongeza mwendo. Aisii hii inatikisa haraka kupita mkono wa mtu yeyote, mpaka sikio halisikii tena kuyumba, linasikia sauti nyingine mpya. Ukitikisa hivi unapata kengele. Vile, tarumbeta. Vile, kinanda.

Yonasi alisikia neno moja tu, ongeza. Alimtikisa Othmani kwa nguvu zote alizowahi kutikisia magunia, kofia ikaruka, kahawa ikamwagika, mluzi ukageuka kilio, na benchi likainuka upande mmoja. Wote wawili wakaenda chini. Dereva wa lori wa Kizambia aliyekuwa akipita alisimama, akawajulia hali kwa Kibemba.

— Mulishani, bane? Mnapigana?

— Bwino, bwino! — alijibu Othmani kutoka mavumbini. — Sisi ni kinanda!

Hata Lwitiko alicheka, japo hakutaka. Walipojikung'uta, Othmani alimwekea mkono begani, akatoa kiboksi kutoka kwenye mfuko wa koti.

— Sasa tuache mchezo. Nilijua utakwama, ndugu yangu. Dereva wangu mmoja kaniletea hii toka Dar. Kadi mpya. Humo wamerekodi vinanda vya kweli, vya makanisa makubwa huko Ulaya. Zawadi ya harusi. Weka, tusikilize.

Lwitiko alikipokea kiboksi kwa mikono miwili. Aliiweka kadi mpya, akaitambulisha kwa flopi iliyokuja nayo, akabonyeza. Noti zilikuwa zile zile, hakuongeza wala kupunguza hata moja. Lakini kilichotoka kilikuwa kinanda kikubwa, kipana, kinachojaza kibanda na kumwagika barabarani. Raudha aliweka birika chini. Yonasi alivua kofia.

— Hiyo ndiyo! — alisema Othmani. — Hiyo babu kubwa!

Furaha ilimpanda Lwitiko mpaka miguu ikawa miepesi. Aliichukua kadi kuukuu akaiweka kwenye sinia la kashata, ikae huko na mafua yake.

— Hodi hapa, — ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa mwanamke mrefu, khanga mbili, kikapu mkononi chenye jogoo aliyetoa kichwa tu. Lwitiko hakuhitaji kuambiwa ni nani. Aligeuka haraka akaukabili ukuta, uso kwa uso na tangazo la betri.

— Karibu mama, shikamoo, — walisema wengine kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Nimeambiwa hapa kuna mtambo.

— Upo mama, tena umejaa tele, — Othmani alisema, akimpisha kwenye benchi kwa heshima zote za Kondoa. — Kaa usikie mwenyewe. Risasi... yaani, huyo aliyeko ukutani, atabonyeza.

Lwitiko alirudi kinyumenyume, akapapasa, akabonyeza. Kinanda cha Ulaya kikajaza Nyutro. Kwa kuwa hakuweza kumwona mama, alimsoma kwa jogoo, na jogoo alikuwa kimya. Wimbo ulipita wote, ubeti wa mwisho ukaisha kwa mngurumo wa heshima.

— Wimbo mzuri, — alisema mama Marita. — Ni wa kwaya gani?

Yonasi alimtazama Othmani, Othmani akaitazama barabara ya Sumbawanga.

— Mama, si ndio wa marehemu? — Raudha alisema kwa upole.

— Wa mume wangu? — Mama Marita alitikisa kichwa. — Mwanangu, wimbo wa mume wangu naujua, nimepika nausikia, nimelima nausikia. Huo ni wa watu wengine. — Alishika mpini wa kikapu. — Basi. Mwambieni huyo kijana asihuzunike. Mpiga kinanda atarudi baada ya mavuno.

Lwitiko alihisi ukuta unamsogelea. Noti ni zile zile! Alitaka kugeuka na kupaza sauti, lakini mdomo ulikuwa bado umefungwa na mwenye ufunguo alikuwa anainuka. Hapo ndipo alipokumbuka alichowaambia wenzake mwenyewe, kwamba noti ni ubao tu. Kama ubao ni ule ule, basi kilichobadilika ni koo. Akanyoosha mkono nyuma ya mgongo, vidole vikicheza kuelekea kwenye sinia la kashata. Raudha akaelewa kabla ya wote, akampa kadi kuukuu kama anampa kashata.

— Mama, ngoja kwanza! — Othmani aliruka. — Kuna maelezo! Mimi hapa napiga mluzi. Huyu ananitikisa. Kilo, tikisa, lakini kwa adabu, kuna mgeni.

Na kweli wakaanza. Wazee wazima wawili mbele ya mama wa watu, mmoja anapiga mluzi na mwingine anamtikisa kwa adabu, huku nyuma yao bwana harusi anahangaika na skrubu bila kuonyesha uso. Mama Marita alirudi kukaa, nadhani kwa mshangao tu. Jogoo aliwika. Mluzi ulikuwa umeanza kukata pumzi Lwitiko alipofunga skrubu ya mwisho na kuwasha tena, akaombea umeme usikatike, akabonyeza.

Spika zikakoroma. Besi ikakwaruza. Soprano ikapitia puani, nyembamba, imebanwa, na mwisho wa kila mstari ikafifia kwa mkoromo mdogo, kana kwamba kuna anayevuta pumzi. Othmani alifumba macho kwa aibu.

Mama Marita aliweka kikapu chini.

Mstari wa kwanza alisikiliza. Wa pili midomo yake ilianza kucheza. Ulipofika mwitikio, aliimba sauti ya pili, mbele ya malori na watu wote, kwa sauti ya mtu aliyesimama mstari wa mbele wa kwaya miaka mingi. Aliimba anacheka, na machozi yanatiririka, na hakuyafuta wala hakuona haya. Yonasi, ambaye naye alikulia kwenye kwaya huko kwao, aliingia na besi. Raudha hakuyajua maneno, lakini birika lilikuwa lake, akapiga mapigo kwa kijiko. Madereva waliacha nguo zao wakasogea. Lwitiko alisimama anaangalia tangazo la betri, na herufi zote zilikuwa zimeyeyuka machoni pake.

Wimbo ulipoisha, mama Marita alijifuta kwa ncha ya khanga.

— Ndicho chenyewe, — alisema. — Kinanda chetu kilitoboka mfuko wa upepo tangu Enesi hajazaliwa. Mume wangu alikitia viraka mpaka akachoka. Kilikuwa kinaimba na mafua hivyo hivyo, na kila mstari ukiisha kinakoroma. Nilikuwa namtania, mwalimu, kipeleke zahanati. — Aliwatazama wote. — Sasa niambieni. Kinanda kile hakijawahi kutoka Igamba. Panya wamekila. Huyu wa humo ndani katoka Zambia. Nani alimwambia kwamba chetu kilikuwa na mafua?

Nyutro ilikuwa na jibu la kila kitu duniani. Yonasi alitaka kutaja umeme, akaona haufiki. Othmani aliifikiria bendi yake iliyokonda, akaiacha ipite. Raudha alitazama kijiko. Hata jini, ilionekana, asingelijua hilo.

— Hakuna anayejua? — Mama Marita aligeukia ukutani. — Na yule mwenye mtambo?

— Mama, yule hawezi kusema, — Yonasi alinong'ona. — Adabu yenu.

— Naijua adabu yetu, ninyi ndio mnanifundisha? Kuna kahawa?

Raudha aliinamisha birika. Lilikuwa limekwisha, likatoa kikombe kimoja, nusu yake machicha. Mama Marita alikipokea, akasimama, akamzunguka Lwitiko mpaka akawa katikati yake na tangazo la betri, akamnyooshea kwa mkono wake mwenyewe.

— Haya mkwe wangu, nimekufungua mdomo. Kunywa. Uniambie.

Lwitiko alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akanywa mpaka machicha. Aliyajua ya mluzi na mtikiso, aliijua miguu yote ya ile aisii. Wiki nzima alikuwa amepanga maneno mazuri ya kumwambia mama huyu siku mdomo utakapofunguliwa. Aliyatafuta yote, hakuyaona. Benchi zima lilikuwa limeinama mbele kumsikiliza.

— Sijui, mama.

Mama Marita alicheka mpaka akashika kiuno.

— Hilo ndilo neno lako la kwanza kwangu?

— Ndilo, mama.

— Mwenzako, mwalimu, siku alipofunguliwa mdomo nyumbani kwetu, mama yangu alimuuliza atanilisha nini. Akajibu hivyo hivyo. — Alikiokota kikapu, akampa Yonasi jogoo amshikie, akaanza kujifunga khanga vizuri kwa safari ya kurudi. — Jumamosi mje mapema, na mtambo wenu. Na huyo wa ndani, nakuomba, mkwe, usimtibu mafua.